Mashine ya mashua ya tanga: pima kilo kabla ya hospawa

Simama pwani ya Fumba, huku Unguja, uulize ununue mashine gani. Jibu litakuja kabla hujamaliza swali: nunua ya 15. Yamaha Enduro ya hospawa 15 imeenea ukanda wetu wote, vipuri vyake vinapatikana, na fundi anaifungua macho yamefumbwa. Kwa boti la faiba linalokimbiza wageni au wavuvi wa mbali sina ugomvi na jibu hilo. Lakini wewe una mashua ya futi 18 yenye tanga lake, na mashine unaitaka kwa ajili ya shwari tu, au kuvuka mkondo maji yanapokupwa. Hiyo 15 si ya kwako.

Sababu ya kwanza iko chini ya mashua yenyewe. Chombo cha tanga hakipandi juu ya maji kama boti la faiba. Kinayapasua na kujitengenezea wimbi, kisha kinakaa ndani ya wimbi hilo. Mashua inayogusa maji kwa urefu wa mita 5 mwendo wake unagota kwenye maili 5 na nusu hivi za baharini kwa saa. Hapo uongeze mafuta usiongeze, tezi, yaani nyuma ya chombo, inazama, omo, yaani mbele, inanyanyuka, na unachopata ni kelele. Hesabu ya mabaharia ni hospawa 4 kwa kila tani ya chombo pamoja na watu na mizigo. Mashua ya kwetu ikiwa na watu wanne, nanga, madumu na ndoo za samaki haivuki tani kwa mbali. Weka moja au mbili za akiba kwa siku za kusi, unafika 5 au 6. Ngalawa nyepesi, mashine ya 2.5 inaitosha.

Sasa uzito, na hapa ndipo ninapotaka tukae.

Anayeandika vitabu vya boti anadhani mashine inafungwa tezini ikabaki huko. Sisi tunaiacha? Kila jioni mashine inalala nyumbani, kwa sababu ikilala pwani asubuhi utakuta kibao kitupu. Na maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, huku yanakwenda mbali. Ukirudi yamekupwa, mashua inakaa kwenye mchanga nawe una mwendo mrefu kwa miguu, majani ya bahari yanateleza, nungu wa baharini wenye miiba wamejificha, na mashine iko begani. Enduro ya 15 inakaribia kilo 40, na mtu mmoja haibebi hivyo akafika salama. Utamtafuta kijana wa kukusaidia kila siku, na kila siku atataka chake. Mashine ya 6 ya silinda moja, kama Tohatsu au Yamaha, ina kilo 26 au 27. Hiyo naibeba mwenyewe, kwa kupumzika. Suzuki ya 2.5 yenye shafti fupi ina kilo 13 na nusu, Honda ya 2.3 ni hivyo hivyo, na mtoto wa darasa la saba anakupokea mlangoni.

Uzito huo huo unakuhukumu ukiwa baharini. Kilo 40 zikining'inia nyuma kabisa ya mashua ndogo, na wewe mwenye kushika usukani umekaa huko huko, omo inaelea juu. Ukipiga bishi, yaani kwenda kinyume cha upepo, kuelekea kisiwa cha Pungume wakati wa kusi, chombo hakitaki kushika joshi, upande unakotoka upepo; kila wimbi linakisukuma pembeni. Jirani yangu alikuwa akilalamikia tanga lake mwaka mzima, akalipeleka kwa mshonaji zaidi ya mara moja. Alipoteremsha mashine na kusafiri bila hiyo, tanga likapona lenyewe.

Jambo la pili ambalo wauzaji hawakuulizi ni urefu wa shafti. Fupi ni inchi 15, yaani sentimita 38, na ndefu ni inchi 20, sentimita 51. Chukua futi ya fundi, pima kutoka juu ya kibao unapobana mashine hadi chini ya chombo, wima, usifuate mlalo wa tezi. Kile kibati kilicho juu ya propela kinatakiwa kiwe sawa na chini ya mashua au kishuke kidogo. Kwa chombo cha tanga mimi nasema kishuke, maana mashua inapochezeshwa na mawimbi mafupi ya mchana, tezi inanyanyuka, propela inavuta hewa, mashine inapiga kelele kama imechinjwa na mwendo unakatika. Mashua nyingi ninazozijua zinataka shafti ndefu, na nyingi zimefungwa fupi kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani. Ngalawa ni habari nyingine: haina tezi bapa, mashine inakaa kwenye ubao ubavuni kati ya mtumbwi na ndubi (ubao wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke), na urefu wa shafti utategemea fundi aliuweka ubao huo juu kiasi gani.

Propela nayo uiangalie. Imeandikwa namba mbili. Ya kwanza ni upana, ya pili ni hatua inayopiga kwa mzunguko mmoja. Chombo kizito cha mwendo mdogo kinataka hatua fupi na upana mkubwa. Tohatsu wanatoa hata toleo la 6 la vyombo vya tanga, lenye shafti ndefu na propela ya aina hiyo. Ukilipata, usisite.

Mashine ya kuchanganya oili na petroli (two-stroke) au ile yenye oili yake ndani (four-stroke)? Ya kuchanganya ni rahisi kwa fundi na unaweza kuilaza upande wowote. Ila inakunywa, na mtu wa kupima oili kwa macho ataiua: kwa mashine inayotaka moja kwa hamsini, lita moja ya petroli ni mililita 20 za oili, basi. Yenye oili yake inakunywa kidogo. Ya 6 ukiiendesha nusu mwendo, lita moja au zaidi kidogo inakutosha saa nzima. Na ni tulivu kiasi cha kuweza kuzungumza. Ubaya wake, ukiilaza upande usio wake, oili inaingia silinda na asubuhi inagoma. Upande unaofaa umeandikwa kwenye mashine au kitabuni. Mwambie na kijana wa gari la mizigo, kwa sababu ndiye atakayeilaza. Mimi nimechagua yenye oili yake. Anayeishi Tumbatu au Kojani, mbali na maduka ya mjini, akichagua ya 8 ya kuchanganya simlaumu.

Za umeme nimeulizwa sana. Ni nyepesi, hazina moshi, na betri inatolewa ikabebwa peke yake. Lakini betri ya kilowati-saa moja ukiitumia kwa kilowati moja ni saa moja, halafu makafi. Kwa kuingia na kutoka bandarini ni raha. Kwa kupambana na mkondo wa bamvua usinialike, na fundi wa kuifungua Unguja bado sijamwona.

Kabla hujalipa, hasa kama ni mtumba, iguse kofia ya mashine uhisi. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaiwasha kabla hujafika, na ulichotaka kuona ni kuwaka kwake ikiwa baridi. Iwashwe ndani ya pipa la maji, utazame kitundu cha nyuma: maji yatoke kwa nguvu, yasidondoke. (Honda ya 2.3 inapozwa kwa hewa, usiitafutie maji hayo.) Fungua skrubu ya chini ya giaboksi, oili ikitoka nyeupe kama tui, maji yameshaingia. Baada ya kila safari isuuze kwa maji baridi kutoka kisimani, na plagi ya akiba iwe mfukoni.

Ukishaifunga tezini, angalia demani, kamba ya kuvutia tanga, isinase kwenye mpini unapogeuza tanga. Kisha ifunge mashine kwa kamba nene kwenye chombo kabla hujakaza vibano, kwa sababu vibano hulegea kwa mtetemo, na maji ya ghuba yetu ya Menai yana kina cha kutosha kuimeza.