Ukitaka kumlinda mtoto, anza na muhali

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi ya kusaidia jumuiya na skuli kuwalinda watoto, niliiandikia jumuiya moja ya kulea watoto sera ya ulinzi yenye kurasa 38. Niliipenda sana. Ilikuwa na fasili, viambatisho na ukurasa wa saini, na wafanyakazi wote walitia saini. Miezi michache baadaye mtoto wa miaka kumi aliumizwa na kijana aliyekuja kujitolea kufundisha hesabu. Wanne kati ya waliotia saini walijua kabla yangu, na hakuna aliyesema. Nilipomuuliza mmoja wao sababu, alinijibu kwa sauti ya chini: "Dada, mimi na mama wa yule kijana tumelelewa nyumba moja. Niliona muhali."

Ninapoitwa na skuli, chuo cha Kurani au jumuiya inayotaka kuwalinda watoto vizuri zaidi, ninaanza na neno hilo. Sisi wa Unguja na Pemba tunalijua. Ni ile haya ya kumvunjia heshima jirani, shemeji, au ustadhi aliyekusomesha alifu mpaka ukahitimu. Katika mambo mengi muhali ni tunu, ndio unaotuwezesha kuishi milango ikitazamana bila ya ugomvi. Lakini mtoto akishaumizwa, muhali humpa mkosaji muda, na yeye hataki zaidi ya hapo.

Kwa hiyo tengenezeni utaratibu usiomtaka mtu awe jasiri. Mkimwambia mpishi "ukiona jambo zito, toa taarifa", mmemtwisha kazi ya kupima uzito peke yake, pengine dhidi ya mkubwa wake. Mwambieni hivi: akiona alama mwilini mwa mtoto, akisikia kauli iliyomshitua, aandike siku hiyohiyo kabla hajaondoka, liwe kubwa, liwe dogo. Hapo mpishi hajamshitaki mtu. Anafanya kazi yake, kama anavyoandika kilo za mchele. Na jirani akimjia juu, ana la kumjibu: sina hiari, ndivyo tunavyofanya kazi hapa. Kila jambo liwe na karatasi yake, si daftari la pamoja ambalo kila mpita njia atalifunua. Wapokeaji wawe wawili, mwanamke na mwanamme, na awepo wa tatu nje ya jumuiya kwa ajili ya siku ambayo analalamikiwa mkurugenzi mwenyewe. Siku hiyo ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

Nimeshakuta sanduku la maoni limetundikwa juu ya mlango wa mkuu wa kituo. Mtoto wa darasa la tatu halifikii hata akipanda kiti, na ufunguo umo katika droo ya mkuu huyohuyo. Ndani mlikuwa na vumbi tu, naye akaniambia kwa moyo mweupe kwamba watoto wake hawana malalamiko.

Siku hizi nawapa watoto karatasi na kalamu mbili, wachore kituo chao. Kijani pale wanapojisikia salama, nyekundu pale wanapopaogopa. Asiyeona hunishika mkono tukazunguka pamoja, akanionyesha. Katika kituo kimoja, watoto tisa kati ya kumi na mmoja walitaja sehemu ileile: kijia cha kutoka dakhalia, yaani bweni, kwenda chooni. Usiku nilikwenda na mpishi. Taa ilikuwa imeungua tangu Ramadhani, mlango wa choo hauna komeo kwa ndani, na mlinzi wa usiku alikuwa amehamishia kiti chake palepale, kwa sababu pana upepo. Binti mmoja asiyeona alikuwa ameacha kunywa maji baada ya magharibi ili asihitaji kupita. Sijui kama mlinzi alikuwa na nia mbaya, na sikuhitaji kujua ili nichukue hatua. Kesho yake taa iliwekwa, komeo likapigwa, kiti kikarudi getini. Fedha iliyotumika haikufika bei ya semina ya nusu siku.

Yule mpishi alikuwa na miaka mingi kituoni na hajawahi kuitwa kwenye mafunzo, kwa sababu mafunzo yalikuwa ya watu wa ofisini. Naye ndiye aliyemjua mtoto aliyeacha kula, na anayeomba abaki jikoni kila Alkhamisi. Muwaite wapishi, wafagiaji, na madereva wa gari za skuli. Wafundisheni kwa Kiswahili cha kawaida, na wao wazungumze zaidi kuliko nyinyi.

La kuwafundisha kwanza ni zile dakika ambazo mtoto anasema. Keti usawa wake. Msikilize. Usimwahidi kwamba itabaki siri yenu, maana utalazimika kuivunja naye hatakuamini tena. Usimuulize "kwa nini hukusema mapema?", swali hilo limeshawanyamazisha watoto wengi mbele ya macho yangu. Usimhoji; hiyo ni kazi ya waliofunzwa, na mtoto aliyehojiwa na watu watano kauli yake huchakaa kabla ya kufika mahakamani. Andika maneno yake kama alivyoyatamka. Kama ameingiliwa, asiogeshwe, nguo zisifuliwe, apelekwe hospitali mara moja, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Kwetu kuna vituo vya Mkono kwa Mkono, kama kile cha hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ambako huduma ya daktari, ya polisi na ya ushauri nasaha ziko pamoja. Simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, hupigwa bure.

Kisha watakuja wazee wa pande mbili kutaka mlimalize kifamilia. Watakuja na adabu na dua, mara nyingine na bahasha. Wapokeeni kwa heshima, na waambieni kwamba jinai si deni ambalo jamaa wanaweza kusameheana. Nimekaa katika vikao hivyo. Mtoto hutajwa mara moja mwanzoni, baadaye ni harusi itakayovunjika na jina la ukoo.

Wavulana nao wanasahauliwa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika 2009 uliwakuta wavulana wa Zanzibar waliopata ukatili wa kingono kabla ya miaka 18 ni karibu 1 kati ya 10, wengi kuliko wasichana. Bado nakuta sera zinazomtaja mtoto wa kike peke yake.

Wala ukubwa wa shirika si kinga. Mnamo Septemba 2021 tume huru ilitoa ripoti kuhusu ukatili wa kingono wakati wa kupambana na Ebola huko Kongo mashariki. Ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe. Wanawake waliahidiwa kazi kwa kutakwa miili yao. Sera zilikuwepo.

Kabla ya kumpokea mtu, mwalimu au wa kujitolea, mpigieni simu mwajiri wake wa zamani na mumuulize: ungemrudisha kazini kwako kesho? Sikilizeni anavyosita. Barua ya sifa haisiti.

Haya yote yanawahusu pia watu wazima wanaotegemea mkono wa mwingine. Pensheni Jamii, fedha ambayo serikali ya Zanzibar huwapa wazee kila mwezi, ilipoanza Aprili 2016, wazee wa miaka 70 na zaidi walianza kupata fedha yao wenyewe, na jumuiya zinazowahudumia majumbani zikakutana na suala jipya: nani anamshikia? Nimemkuta bibi ambaye hajui amepokea mara ngapi. Mhudumu asipewe kadi wala fedha ya mzee akiwa peke yake. Wawepo wawili, na mzee aambiwe kiasi kwa sauti, hata kama mnadhani hasikii.

Jumuiya ile ya kurasa 38 bado ninafanya nayo kazi. Sera yao sasa ni ukurasa mmoja, umebandikwa jikoni, una majina mawili na namba tatu za simu. Mwezi uliopita mpishi alinipigia saa tatu usiku kuhusu alama shingoni mwa mtoto. Daktari alisema ni vipele vya joto. Akaniomba radhi kwa kunisumbua. Nilimwambia aandike karatasi yake kama kawaida, naye akaandika.