Santuri ya Maranatha ya 1971: ni adimu kweli au muuzaji anatupiga?

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kama ile The Everlastin' Living Jesus Music Concert uliyoiona mtandaoni ni adimu kiasi cha kulipiwa bei aliyoweka muuzaji, na kama ndani kuna rock kweli. Nakusanya santuri za aina hii tangu nihamie Marekani, nyingi nimezitoa kwenye maduka ya mitumba ya makanisa na kwenye minada ya nyumba za wazee, kwa hiyo nasema kwa nilichokishika mwenyewe. Si adimu kihivyo. Na rock yake ni laini.

Ujue kwanza ilikotoka, maana ndiko bei inakoanzia. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kanisa la Calvary Chapel pale Costa Mesa, California, chini ya mchungaji Chuck Smith, lilianza kufurika mahipi waliookoka. Walikuja na manywele yao, wengine peku, magitaa mgongoni. Wapo waumini waliotaka wanyolewe kwanza. Smith akawapokea hivyohivyo na kuwaachia jukwaa. Juni 1971 vuguvugu hilo, lililoitwa Jesus People, lilifika hadi kwenye jalada la jarida la Time. Mwaka huohuo Smith akaanzisha Maranatha! Music, na santuri yake ya kwanza ndiyo hiyo unayoiulizia: mkusanyiko wa waimbaji wa palepale kanisani, wakiwemo Love Song, Children of the Day, Debby Kerner, Country Faith na Gentle Faith.

Usidhani wote walikuwa wanakwaya wanaojifunza gitaa. Chuck Girard wa Love Song ndiye aliyeongoza sauti kwenye Little Honda ya The Hondells mwaka 1964, wimbo uliotamba redioni kabla hajaokoka. Ukisikiliza zile sauti zinavyopangana utajua kuna mtu aliyepitia studio za kulipwa. Na wale mliopita UKWATA au fellowship za vyuo, Seek Ye First mliyokuwa mnaimba asubuhi ni ya Karen Lafferty, dada wa kanisa hilohilo.

Sasa uadimu. Santuri hii haikupotea. Ilipendwa, ikatolewa tena, na baadaye ikaingia kwenye mfululizo wenye namba, ndiyo maana utaikuta pia ikiitwa Maranatha! 1. Wauzaji wengi wanachanganya haya kwa makusudi: wanakuonyesha nakala ya baadaye, wanaandika "1971" kwa herufi kubwa, wanaongeza neno "adimu". Mwaka ulioandikwa kwenye jalada ni wa kurekodiwa au wa haki za muziki, haukuambii nakala hiyo ilitoka kiwandani lini. Omba picha ya lebo, ile karatasi ya duara katikati ya santuri, pande zote mbili, na picha ya ile sehemu tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo, ambako kiwanda hukwangua namba zake. Kisha linganisha na matoleo yaliyoorodheshwa Discogs, tovuti ya kuorodhesha na kuuza santuri. Muuzaji akikataa kupiga picha hizo, mimi huachana naye hapohapo.

Ukiwa Discogs usiangalie bei wanazotaka watu, angalia historia ya mauzo. Kutaka na kuuza ni mbingu na ardhi. Mtu anaweza kuning'iniza santuri kwa dola mia miaka mitatu asipate mteja, huku nakala kama hiyo zikiuzwa kila mwezi kwa bei ya chakula cha mchana.

Santuri adimu ya Kikristo ni kitu kingine kabisa. Ni kundi la vijana waliolipa wenyewe kiwanda kidogo kiwatolee nakala chache, wakagawa kwa ndugu, kundi likavunjika. Moon Blood ya Fraction, Los Angeles, 1971, ni ya namna hiyo, na wakusanyaji hutoa maelfu ya dola. Hapo neno "adimu" nalikubali. Mkusanyiko uliofadhiliwa na kanisa lililokuwa likijaza hema hauwezi kuwekwa kundi moja na hiyo.

Hali ya santuri ndiyo inayouma zaidi. Santuri za kanisa zilipigwa kweli, tena kwenye vinanda vya santuri vya bei nafuu vyenye sindano nzito, na vijana waliozishika kwa mikono yenye jasho la kambi. Jalada utalikuta na jina la mtu kwa kalamu au muhuri wa maktaba ya kanisa. Muhuri unashusha bei, ingawa mimi binafsi naupenda, na ukiwa msikilizaji tu usikubali kulipia zaidi jalada safi. Mikwaruzo ndiyo ya kuogopa: gredi ya VG (Very Good, yaani "nzuri sana") kwa Wamarekani maana yake utasikia kelele muziki wote, hasa kwenye nyimbo za gitaa tupu kama hizi ambapo hakuna ngoma za kufunika. Tafuta VG+ kwenda juu.

Kuhusu rock: humu kuna folk, kuna country, sauti za kupangana, gitaa la umeme likichungulia hapa na pale. Ukitaka Wakristo waliogonga gitaa mpaka wazee wakatoka nje, tafuta Gospel Hard Rock ya Agape, 1971, nao wa California ya kusini, au Awaiting Your Reply ya Resurrection Band wa Chicago, 1978. Hiyo ya pili bado inapatikana kwa bei ya mwanadamu.

Ukiamua kununua, mwambie muuzaji aitoe santuri nje ya jalada lake kabla ya kufunga, aviweke viwili hivyo vikiwa vimelala pamoja. Isipotolewa, ukingo wake hupasua jalada njiani. Hesabu pia posta hadi Arusha, mara nyingi inazidi bei ya santuri yenyewe, kwa hiyo ni afadhali uchukue tatu au nne kwa muuzaji mmoja zije kwenye boksi moja. Ukipata zile picha za lebo zitupie hapa nikuambie ni toleo gani.