Kuifundisha mashua ya tanga kujiongoza: kwa mnaoanza

Wengi wanaoanza hukimbilia kununua mtambo wa kushika usukani. Ninyi anzeni na matanga. Mashua isiyotulia mkononi haitatulia usukani ukifungwa kwa kamba, na mtambo wa umeme utamaliza betri usiku kucha ukishindana na tanga lililokazwa kupita kiasi.

Jaribuni hivi: upepo ukiwa wa wastani, legeza mkono kwenye kana, yaani mkono wa usukani, polepole. Omo, ncha ya mbele ya mashua, igeukie upepo taratibu tu. Ikigeuka kwa pupa, legeza tanga kuu au lipunguze, maana chombo kinacholala sana ubavu hukimbilia upepo. Endelea mpaka kana ishikike kwa vidole viwili. Hapo, ukienda joshi, yaani karibu na unakotoka upepo, mashua nyingi zenye mkuku (uti wa chini ya chombo) mrefu hushika njia kwa kufungwa kana tu.

Kazi ipo upepo unapotoka ubavuni au nyuma kidogo. Njia ninayoipenda haina mashine. Tweka tanga dogo la mbele, kisha livute upande unakotoka upepo, lijae kinyume. Demani yake, kamba inayolivuta tanga, ipitishe kwenye kapi upande huohuo, uifunge kwenye kana. Upande wa pili wa kana funga mpira laini unaonyumbuka. Omo ikipanda kuelekea upepo, tanga lile hupigwa zaidi, huvuta kana upande wa upepo, na mashua hurudi chini, mbali na upepo. Ikishuka mno, tanga hupoteza nguvu, mpira unashinda, mashua inapanda tena.

Kurekebisha ndiko kunakochukua muda, na msione uvivu. Mashua ikizidi kupanda, legeza mpira kidogo. Ikizidi kushuka, ukaze. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, kisha kaa uitazame dira kwa dakika kadhaa. Ukigusa viwili pamoja hutajua kipi kilisaidia. Na usidai mstari ulionyooka. Omo kuyumba nyuzi kadhaa huku na huku ni sawa, ilimradi irudi.

Kwamba inawezekana si hadithi. Joshua Slocum, aliyeizunguka dunia peke yake kati ya 1895 na 1898, alieleza kwamba kutoka kisiwa cha Thursday, kaskazini mwa Australia, hadi visiwa vya Keeling Cocos katika Bahari ya Hindi, maili 2,700 kwa siku 23, hakushika usukani zaidi ya saa 3 kwa jumla. Chombo chake Spray kilikuwa kipana, chenye mkuku mrefu. Mashua nyepesi yenye mkuku mfupi itawasumbua zaidi, ila nayo hukubali.

Kumbukeni kwamba mashua inayojiongoza haioni meli wala mwamba, na ukianguka majini haitakusubiri. Jifungeni kamba ya usalama kabla hamjaiachia kana, hata bahari ikiwa shwari, hata mchana. Demani kwenye kana ifungeni kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na kila mtu chomboni ajaribu fundo hilo kwa mkono wake kabla ya giza kuingia.