Zamu ya mchezo haijui mvua

Swali: Shikamoo shangazi. Nauza mahamri na mbaazi hapa Mwandoni, Kisauni, Mombasa. Novemba maji yaliingia chumbani usiku, yakakuta gunia la unga, sukari na mbaazi vyote viko sakafuni. Niko kwenye mchezo wa watu 10, shilingi 500 kila wiki, lakini zamu yangu ilikuwa ya tisa. Nikakopa 8,000 kwa simu, nirudishe 8,600 baada ya siku 30. Sikuweza. Kila mwezi nikalipa ile 600 ya juu tu, mara tatu, ndipo nikamaliza deni. Sasa wakala wa bima ananiandama. Nikate bima, niongeze mchezo, au nirudie kibubu changu?
*Mama Mahamri*

Jibu: Marahaba mwanangu, na pole.

Kibubu nianze nacho, maana kimeniumiza mimi mwenyewe. Vuli ya 2023, mwaka ule wa El Niño, changu cha mbao kilikuwa mvunguni. Nilipokivunja, noti zimegandana kama chapati mbichi. Nikazianika juu ya leso, feni ikizipepea, nusu siku nzima. Na humo humo nikakuta noti mbili za elfu za zamani, zile zilizokoma kutumika 30 Septemba 2019. Kwa hizo sikuweza kuyalaumu maji.

Mchezo usiuache, ila usiutegemee kwa mafuriko. Zamu huenda kwa namba, mvua haiulizi namba. Waambie wenzako kila mtu aongeze 50 kwa wiki: watu kumi ni 500, na hiyo haingii kwenye zamu. Aliyeingiliwa na maji ndiye anayepewa. Mkubaliane mapema mtu atapewa kiasi gani, la sivyo mtagombana huku mmesimama majini.

Sasa hesabu yako. Ile 600 mara tatu ni 1,800, na unga haumo. Ukiweka 60 kwa siku, siku sita kwa wiki, kuanzia Julai hadi mwisho wa Septemba unapata kama 4,680. Januari na Februari zinaongeza kama 3,000. Jumla 7,680, karibu sawa na mkopo wako wote. Miezi hiyo sikuiokota tu: vuli huanza Oktoba na masika Machi, na Idara ya Hali ya Hewa hutangaza utabiri kabla ya kila msimu. Vuli ikipita kavu, pesa usiziguse. (Harusi ya mtoto wa jirani si mafuriko.)

Ziweke kwenye akiba ya simu unayoifunga mpaka tarehe unayochagua: ya Julai hadi Septemba ifunguke 1 Oktoba, ya Januari na Februari ifunguke 1 Machi. Sacco ni nzuri, lakini si kwa jambo hili: mara nyingi akiba yake huitoi mpaka uache uanachama, na notisi huwa siku 60. Unga haungoji siku 60.

Huyo wakala usimfukuze. Mwambie akuonyeshe kwenye karatasi mahali palipoandikwa mafuriko. Bima ya kawaida ya moto haiyagusi mpaka yaongezwe, na nyongeza ina malipo yake. Uliza pia bidhaa zilizo kwenye chumba unacholala zinakubaliwa? Akianza kukuzungushia maneno, mpe hamri na chai aende. Akikuonyesha, piga picha ukurasa huo, na uwe na daftari la unachonunua, maana bila daftari utadai nini?

Na gunia, mwanangu. Kreti mbili za soda tupu, ubao juu yake, gunia juu ya ubao. Mbaazi na sukari zitie kwenye ndoo za mafuta ya kupikia zenye vifuniko, ndoo hizo uzioshe vizuri kwanza. Kreti muombe mwenye duka leo, mvua ikianza kila mtu atazitaka.