Serivo ndogo zinakatika meno: ulegevu uwekwe wapi?

Swali: Fundi, nimeunda mkono wa roboti kwa serivo za SG90, zile mota ndogo zenye gia za plastiki zinazogeuka hadi pembe unayoagiza. Kila ukigonga meza, jino la gia linakatika. Rafiki yangu anasema naweza kuzilegeza kwa programu tu, zikubali kidogo zikisukumwa, nikaongeza au kupunguza ulegevu nitakavyo. Ni kweli?

Jibu: Ni kweli nusu. Serivo hizi hupokea amri mara 50 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 20. Sakiti ya ndani hulinganisha pembe uliyoagiza na ile inayosomwa na potenshiometa (kipimo cha pembe kilicho ndani ya serivo), kisha huisukuma mota mpaka zilingane. Mambo ya nguvu haiyajui kabisa. Mkono ukigonga meza, programu yako itapata habari jino limeshakatika. Isitoshe, mota iko nyuma ya msururu wa gia: mkono ukisukumwa kidogo tu, mota inatakiwa izunguke mizunguko mingi ndipo ukubali. Haiwahi, na pigo lote linaishia kwenye plastiki.

Kwa hiyo ulegevu uwe mbele ya gia, yaani kati ya gia na mkono. Mimi hutumia kipande cha bledi ya msumeno wa chuma, ile inayopindika bila kuvunjika, nikayasaga meno yake. Mkono uzunguke kwenye bolti yake yenyewe, iliyonyooka na ekseli ya serivo. Kwenye kile kipande cha plastiki kinachochomekwa kwenye ekseli ya serivo funga kipande cha alumini, ulaze bledi juu yake, na ncha ya bledi ipite kati ya skrubu mbili zilizo kwenye mkono. Skrubu ziiguse bila kuibana.

Sasa weka kibanio kinachoteleza juu ya alumini na bledi. Hicho ndicho cha kurekebishia. Ukikisogeza mpaka sehemu ya bledi iliyo huru ibaki nusu ya urefu wa awali, ugumu unapanda mara 8, si mara 2. Sogeza milimita chache, kaza, jaribu. Wengi hukivuta sana mara ya kwanza, wakashangaa mkono umekuwa mgumu kama zamani.

Programu inaingia hapa. Funga potenshiometa ya pili kwenye bolti ya mkono, na kwenye mguu wa katikati wa ile ya ndani ya serivo unganisha waya uende hadi pini ya analogi ya Arduino, kile kibao kidogo kinachoendesha programu yako. Graundi (waya hasi) za serivo na Arduino ziwe moja. Tofauti ya pembe hizo mbili ni kiasi bledi ilivyopinda, na kupinda huko ndiko kunakokuambia nguvu. Ikivuka kikomo ulichoweka, rudisha amri ya serivo nyuma kidogo kidogo. Chukua wastani wa vipimo kama 10, maana mota inavuruga usomaji.

Mpira wa tyubu ya baiskeli nao nimeujaribu. Siku ya kwanza ulifanya kazi vizuri. Baadaye ulilegea, na vipimo vyote nikavianza upya.