Slabu inavuja: niweke membreni, rangi ya raba ama mabati?

Swali: Habari injinia. Niko na nyumba Kahawa West, Nairobi, ghorofa moja, juu ni slabu tupu ya futi 30 kwa 40. Mvua ya mwezi wa nne imenimaliza, silingi ya bedirumu imejaa madoa na rangi inabanduka. Nimeita mafundi watatu, mmoja anataka membreni, ile shiti ya lami ya kuchoma na gesi, mwingine anasema rangi ya raba, wa tatu anasema nifunike yote na mabati. Huko juu kuna tangi la lita 2,000, wapangaji wanaanika nguo, na vyuma vya nguzo viliachwa vimesimama kwa sababu tulitaka kuongeza ghorofa. Nichague gani?

Jibu: Habari dada, na pole kwa hiyo mvua. Wote watatu wameongea material lakini sioni kama kuna aliyekuuliza maji yakinyesha yanaenda wapi. Mvua ikinyesha tena, kesho yake panda huko juu na chaki, kila mahali maji yamelala uchore mpaka wake, halafu rudi siku inayofuata uangalie. Kama siku ya pili bado kuna dimbwi basi slabu yako haina mteremko, na hapo hata ununue material ya bei gani, siku moja utaniandikia tena.

Paa la slabu linaitwa flat lakini halifai kuwa flat kabisa. Mteremko wa chini ni 1 kwa 80, yaani kila sentimita 80 paa lishuke sentimita moja. Kwako ukigawanya maji katikati yaende pande mbili, kila upande ni futi 15, kwa hivyo kutoka katikati hadi ukingoni ishuke karibu inchi 2 na robo. Hiyo inatengenezwa na skridi, yaani tabaka la simiti na mchanga juu ya slabu, milimita 25 pale kwa mashimo ya maji, inapanda pole pole hadi katikati. Lakini tafadhali piga hesabu ya uzito, kwa paa lako lote hiyo skridi inafika kama tani 12, na hakuna mtu anafaa kumwaga tani 12 juu ya vyumba watu wanalala kabla injinia wa majengo hajaangalia hiyo slabu na bimu zake. Mashimo ya kutoa maji yawe angalau mawili kila upande, kwa sababu moja likizibwa na karatasi ya mkate lingine litafanya kazi.

Sasa hivyo vyuma. Mimi ningekuwa nimesimama hapo kwako ningeanza navyo. Pale chuma kinatokea kwa konkriti, shingoni, kuna kaufa kadogo kamezunguka. Chuma kinapata moto mchana, usiku kinapoa, kinashika kutu, kutu inavimba inapasua konkriti iliyokishika, na maji yanafuata chuma hadi ndani ya nguzo. Ndio maana kwa nyumba nyingi za aina hii doa linaanzia kwa kona ya chumba, karibu na nguzo, na katikati ya silingi kumekauka kabisa. Hebu angalia madoa ya kwako yako wapi. Yakiwa kwa kona, nusu ya shida yako ni hivyo vyuma na hiyo skridi peke yake haitakusaidia.

Kwa hivyo kaeni chini nyumbani muamue, hiyo ghorofa inaongezwa lini?

Kama ni mwaka huu ama ujao, huyo fundi wa mabati ana pointi. Mabati na mbao utatoa na utumie tena juu ya ghorofa mpya, lakini skridi na membreni zitazikwa chini ya sakafu na pesa yako ndani. Ila ujue mabati ya mawimbi ya kawaida yanataka mteremko wa kama nyuzi 10, kwa futi 15 hiyo ni kupanda karibu futi 2 na nusu, wapangaji watakosa pa kuanika, na tangi litatafutiwa mahali kwingine. Akikuambia atayalaza hivi hivi ndani ya parapeti, ule ukuta mfupi wa ukingoni, mwambie asante na aende.

Kama ghorofa ni mambo ya baadaye sana ama hamjui, mimi ningeenda na rangi ya raba, lakini ile ya poliuretheni, aina ya plastiki inayovutika. Membreni ni kitu nzuri sana, ile ya milimita 4 yenye vichembe vya mawe juu ama ipakwe rangi ya aluminiamu, kwa sababu hapa tuko karibu na ikweta na tuko juu sana, jua linakausha lami iliyo wazi hadi inapasuka. Kwa paa safi ningekuambia chukua hiyo. Shida ni kwako kila nguzo ina vyuma kadhaa, na kila chuma ni mahali pa kukata membreni na kuchomelea, fundi ameinama na tochi ya moto karibu na tangi la plastiki. Poliuretheni inapakwa na brashi, inazunguka chuma na paipu bila joint. Kwanza vyuma visuguliwe kutu, vifunikwe na konkriti hafifu ya kuvunjika baadaye, halafu rangi ipande juu ya hiyo konkriti na kwa parapeti angalau milimita 150.

Hapo kwa rangi ndio watu wanaibiwa. Soma ndoo. Akriliki, ile aina nyingine ya rangi ya raba, ni ya bei rahisi lakini haivumilii maji yaliyosimama. Poliuretheni yenyewe kwa kawaida inakula kilo 1.5 hadi 2 kwa kila mita ya mraba, na paa lako ni kama mita za mraba 111, kwa hivyo unaongea ndoo saba hadi tisa za kilo 25, na bado hujahesabu parapeti. Fundi akija na ndoo mbili, hiyo anakupakia rangi tu. Ipigwe koti mbili ama tatu, na kwa kona na nyufa kuwe na kitambaa cha faiba katikati ya koti.

Kazi ifanywe Januari na Februari ama Agosti na Septemba, kwa sababu skridi yenye unyevu itainua rangi iwe malengelenge. Kabla apake, mbandike polithini ya mita moja kwa mita moja na tepu pande zote, ilale hapo usiku mzima, asubuhi ukipata matone chini yake ngojeni. Tangi lipandishwe juu ya stendi ya konkriti iliyokaa juu ya ukuta ama bimu, maji peke yake ni tani mbili, na milingoti ya kamba za nguo iwekwe kabla ya rangi, mtu asikuje na drili baadaye.

Rangi ikishakauka kabisa, zibeni mashimo, mjaze maji upande mmoja, yakae saa 24, halafu uende upande wa pili. Balansi ya fundi umpe baada ya wewe mwenyewe kuangalia silingi.