Moravian haikuanza 1727

Hapana mkuu, wewe uliyesema Kanisa la Moravian lilianzishwa 1727: huo ni mwaka wa uamsho, si wa kuanzishwa. Kanisa lilianza 1457 huko Bohemia (leo ni sehemu ya Ucheki), kwa wafuasi wa mafundisho ya Jan Hus, yule padre mwanamageuzi aliyechomwa moto 1415. Baada ya vita vya Mlima Mweupe, 1620, ambako Waprotestanti wa Bohemia walishindwa na Wakatoliki, likapigwa marufuku. Waliobaki wakawa wanasali kwa siri majumbani, vizazi na vizazi. Mwaka 1722 wakimbizi wachache kutoka Moravia, jirani na Bohemia, wakavuka mpaka kuingia Saxony, Ujerumani, wakajenga kijiji cha Herrnhut kwenye ardhi ya mtawala mdogo wa Kijerumani, Zinzendorf. Na msidhani walikuwa malaika! Waligombana vibaya, maana humo humo kulikuwa na Walutheri na watu wa madhehebu mengine. Ndipo ikaja ile Meza ya Bwana ya Agosti 13, 1727, kanisani Berthelsdorf, kijiji jirani, wakapatana. Miaka 5 tu baadaye wakatuma wamisionari Karibiani.

Kinachoonyesha ni kanisa lilelile la 1457 ni uaskofu, yaani askofu kumwekea mikono askofu mwingine, haukukatika: Jablonski, mjukuu wa Comenius, askofu wa kanisa lile la zamani, alikuwa nao, akamwekea mikono David Nitschmann wa Herrnhut 1735. Haya tulikaririshwa darasa la kipaimara hapa Tabora.

Ila aliyesema kituo cha misheni cha Urambo, huku kwetu Tabora, kilifunguliwa na Wamoravian, hapo napo si kweli. Waliotangulia ni Waingereza wa misheni ya London. Wamoravian wakakabidhiwa kituo 1898.